Dokta wa Stoo ya Simenti

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimebeba marobota ya pamba hapa Bunda nikiwa na darasa la nne na kaptula moja. Leo nina maduka ya vifaa vya ujenzi Bunda na Musoma mjini, nina fuso mbili, nina nyumba Kigera yenye geti la umeme, na nina vizimba vya sato ziwani upande wa Suguti vinavyokwenda vizuri kabisa, asikudanganye mtu. Nimeona upepo ukinyanyua bati juu ya nyumba ukaenda kukata mkungu wa ndizi kwa jirani. Nimeona bwana harusi akidai kurudishiwa ng'ombe ukumbini, keki haijakatwa. Kwa hiyo siku mtu mwenye PhD aliponiomba nikae kwenye jopo nihoji watu wenye PhD wenzake, sikushangaa. Nilivuta kiti.

Juzi kijana mmoja alishuka kwenye basi la Mwanza, akaja dukani na bahasha kifuani, akauliza kama Dokta wa usaili bado yupo. Nikamwambia haji tena. Alivyoondoka nikaona heri niandike, maana watakuja wengi kusema walimjua yule mzee, lakini aliyekaa naye mezani miaka yote ile ni mimi.

Tulimwita Dokta, na hilo jina lilimpa taabu. Watu wa Bunda wakisikia dokta wanafungua mdomo waonyeshe jino. Kuna mama alimletea mtoto ana homa, Dokta akawapakia kwenye bodaboda mpaka zahanati, nauli akatoa yeye. Kuna mzee alimuuliza mbele yangu, "Sasa wewe ni dokta wa nini?"

"Wa minyoo ya samaki."

"Minyoo ya samaki nayo ina hospitali?"

"Haina, mzee wangu. Ndiyo maana unaniona hapa."

Hakuwahi kula samaki. Amekaa mkoa wenye ziwa, watu wanapishana na ndoo za dagaa, yeye anaagiza ugali wa mtama na maziwa mgando. Ukimkaribisha sato wa kukaanga atakuuliza kwa upole, "Ulimpasua mwenyewe? Ulimwangalia ndani?" Ukisema hapana, anarudi kwenye maziwa yake. Nawe hamu inakuisha.

Alivaa sweta. Bunda ile ya jua la kupasua mawe, yeye na sweta la kijivu limefungwa vifungo vyote. Alikaa sana nchi za baridi, anahama maabara hii kwenda maabara ile kwa mikataba ya mwaka, miaka miwili. Wenyewe wanaita postdoc. Mimi nilipoelezwa nikasema hiyo naijua, hiyo ni deiwaka. Ni yule dereva anayeshika gari mwenyewe akiwa hayupo: anaendesha vizuri kuliko mwenye gari, lakini jioni anarudisha funguo. Dokta alicheka mpaka akavua miwani, miwani yenyewe mguu mmoja umefungwa kwa nailoni ya nyavu.

"Nimekuwa deiwaka tangu nina nywele nyeusi," akasema. "Nilikuwaga nadhani kazi yangu itanisemea. Nikakaa kimya nikisubiri waione."

"Wakaiona?"

"Waliiona sana. Wakaniandikia barua ya kunishukuru."

Ndiyo akarudi kwao Butiama, kwa ng'ombe wake, akaanza kuwafundisha vijana kutafuta kazi. Wanaomaliza digrii ya pili, wanaomaliza PhD, na hao madeiwaka waliorudi na masanduku. Walikuja kutoka Mwanza, Tarime, wengine mbali zaidi. Aliwataka Bunda kwa sababu mabasi yote yanasimama pale. Kwangu alifika kununua misumari. Akanikuta namhoji dereva wa fuso. Mimi sihoji kwa karatasi. Nilikuwa nimemuuliza yule dereva, "Gari limekufia mlimani, simenti imejaa, mvua imeanza, simu haina chaji. Unafanya nini kwanza?" Yule akaanza kunitajia shule aliyosomea udereva. Nikamwambia kwaheri.

Dokta alisimama na misumari yake mpaka nikamaliza. "Nani amekufundisha kuhoji hivyo?"

"Hasara," nikamwambia.

Wiki iliyofuata akanijia na ombi: nafasi nyuma ya stoo, na mimi mwenyewe nikae. Sikumtoza pango, naye hakuwatoza wale vijana hata senti. Pale nyuma tukaegesha bati jipya ukutani liwe ubao, wakaandikia chaki. Meza ikawa mifuko ya simenti na ubao juu yake. Kwenye jopo mimi nilikuwa na kazi moja kubwa, na sisemi kwa majivuno: nilikuwa mwenye pesa. Dokta aliwaambia, "Huyu mzee hajui sayansi yenu na hana haja ya kuijua. Ana pesa na ana usingizi. Akipiga mwayo, umekosa kazi."

Nami nikipiga mwayo napiga kweli.

Namkumbuka Magesa, kijana wa wadudu wa pamba. Alikuja na CV nene kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Dokta akaipima kwa mkono, akamwita keshia wangu, akampa. "Fungia wateja misumari." Kijana macho yakamtoka.

"Dokta, hiyo ndiyo nakala yangu pekee!"

"Safi. Sasa tuambie bila hiyo."

Magesa akajikohoza. "Mimi ni mtaalamu wa jenetiki ya molekuli, nimejikita katika..."

Nikapiga mwayo.

"Rudia," Dokta akasema.

"Utafiti wangu unahusu mfumo wa..."

Mwayo. Na safari hii machozi yalinitoka.

Yule kijana akakasirika, akasahau adabu. "Mzee, wewe baba yako alilimaga pamba?"

"Alilima, na funza wakaimaliza."

"Basi mimi huyo funza najua siku anayotoka kwenye yai! Ukipuliza dawa siku hiyo, umempata. Ukichelewa anaingia ndani ya tumba, unapuliza unanawisha majani tu. Baba yako alikuwa ananawisha majani!"

Nikakaa sawa kwenye kiti. Marehemu baba alifilisika kwenye lile shamba, na miaka yote tulisema ni uchawi wa jirani. "Wewe," nikamwambia, "mimi ningekuajiri leo leo!"

Dokta akanigeukia. "Utalipa?"

Watu wakacheka. Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila mtu akipatia, mimi nasema ningekuajiri leo leo, Dokta anauliza utalipa, tunacheka, tunakunywa chai. Magesa sasa yuko kampuni ya mbegu. Sidai sifa, ila mwayo ulikuwa wangu.

Dokta alikuwa na mambo asiyoyavumilia. Kutazama viatu ukiulizwa mshahara, hilo la kwanza. Binti mmoja mpole, amesomea maji, nilimuuliza anataka mshahara gani, akajibu, "Chochote tu, baba." Dokta alilipiga lile bati kwa fimbo yake ya kuchungia, likalia mpaka wateja mbele wakadhani kuna kitu kimeanguka. "Chochote! Chochote analipwa nani? Huyu mzee akikupa mfuko wa simenti utaupandia basi?" Binti akalia, akafuta machozi, akataja kiasi akiwa ananitazama usoni. Akataja kikubwa mpaka nikakohoa.

La pili, kuomba kazi mahali usipopajua. Hapo alikuwa na amri moja aliyoirudia kuliko zote. "Kabla hujapeleka maombi, nenda ukanywe chai na watu wa pale. Siyo wakubwa. Mlinzi, dereva, mama anayefagia maabara. Waulize bosi analalamikia nini. Ukishajua kinachomuuma, elimu yako utaipeleka hapo hapo. Mwajiri hanunui unachokijua, ananunua usingizi wake." Vijana wengi walidhani ni utani wa mzee. Waliomtii walirudi wamebadilika sura.

Na la tatu, kukata tamaa ukikataliwa. Hapo alitumia mambo ya kwetu. Kwetu ng'ombe wa mahari wakifika, wazee wa upande wa binti wanaingia zizini na fimbo, wanawakagua. Huyu amekonda, toa. Huyu pembe mbaya, toa. Upande wa kijana haupigi kelele, unamtoa yule ng'ombe unaleta mwingine, na harusi inaendelea. "Aliyekataliwa humchinji pale mlangoni," Dokta alisema. "Unamrudisha, unamnenepesha, unampeleka zizi jingine. Sasa wewe umekataliwa na chuo kimoja unataka kujichinja?"

Lakini mtu huyo huyo alikuwa na vituko. Anawafundisha wenzake wajieleze kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai, halafu muulize habari za ng'ombe wake, lile dume jekundu, utakosa basi. Anasema mtu ajisifu, mwenyewe humsikii akitaja alichogundua. Ni Magesa aliyetuambia kwamba kuna mnyoo wa samaki una jina la Dokta, kwenye vitabu vya Wazungu. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kusema. Akavuta sweta. "Ungeniuliza unauzwa wapi."

Kweli ningemuuliza.

Sasa nifike kwa Nyangeta, binti yangu wa kwanza. Huyu amesoma mpaka masomo yenyewe yakaisha. Magonjwa ya samaki, mpaka PhD, tena nje, halafu udeiwaka huko huko, mkataba mmoja, mkataba wa pili. Picha yake ya joho nimeitundika maduka yote mawili na kwenye dashibodi ya fuso. Musoma nzima inajua nina binti dokta. Asiyejua hajawahi kununua msumari kwangu.

Mkataba ukaisha, akarudi Kigera na sanduku na boksi la vitabu. Mwezi wa kwanza tulisema anapumzika. Mwezi wa tatu jirani akamuuliza mama yake kwenye geti, "Dokta wetu siku hizi anafuga kuku?" Alikuwa anafuga kweli. Aliomba kazi kwenye kampuni ya samaki, wakamwambia elimu yake imezidi. Mimi nimefukuza watu kwa kutojua. Kumkataa mtu kwa kujua sana nilikuwa sijawahi kusikia. Hata hivyo sikushangaa. Aliomba chuo, wakataka uzoefu wa kufundisha ambao angeupata wapi kama hawamchukui. Halafu ikaja barua pepe kutoka kule kule kwenye baridi: njoo tena, mkataba wa miaka miwili, jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama Nyangeta hakula siku hiyo. "Akienda sasa hivi, baba Nyangeta, huyu harudi tena. Atakuwa kama Dokta wako, atarudi na sweta."

Neno hilo lilinichoma. Nikaenda Butiama mwenyewe, sikumsubiri aje Bunda. Nikamkuta anamkamua ng'ombe.

"Dokta, nisaidie binti yangu."

"Aje yeye."

"Nitamleta. Mimi na wewe tutamhoji vizuri mpaka..."

"Wewe hapana," akasema, hajainua kichwa. "Wewe ni baba. Utapiga mwayo wa uongo."

Mimi! Mimi niliyempa stoo! Nilirudi Bunda nimefura. Wiki mbili Nyangeta alikwenda akarudi, siambiwi kitu. Siku nyingine anaondoka asubuhi na madaftari, jioni anarudi viatu vina tope. Namuuliza alikuwa wapi, ananijibu, "Kwenye chai, baba." Mama yake naye ananitazama kama mtu anayejua bei ya kitu na hataki kukutajia.

Mwisho wa mwezi ukakaribia. Ijumaa Dokta akanipigia simu. "Kesho njoo kwangu, kuna mtu wa kuhoji. Nafasi nzito. Vaa koti."

Nikavaa koti. Nilipofika Butiama nikakuta viti vimepangwa uani, wazee wawili wa jirani wamekaa, Magesa amekuja kutoka kazini kwake, mke wangu naye yupo na aliniaga anakwenda kwaya. Bati jingine limeegeshwa kwenye uzio wa zizi, na lile dume jekundu linachungulia kwa juu yake. Dokta amesimama ameegemea fimbo. Niliona amepungua, sweta limemzidi. Akanionyesha kiti cha katikati.

Akatoka Nyangeta, amevaa suti.

"Huyu ni..." nikaanza.

"Hapa hakuna baba," Dokta akasema. "Kuna mwenye pesa na mwenye kazi. Anza, mama."

Nyangeta akanisalimia kwa heshima, "Shikamoo, mjumbe," na hakutazama viatu. Akaandika neno moja kwenye bati: MAABARA. Akasema ziwani sasa kuna vizimba vya sato kila upande, na samaki wakianza kufa wenye vizimba wanabahatisha, wanamwaga dawa wasiyoijua, au wanapeleka sampuli mbali mpaka majibu yanarudi samaki wameisha. Akasema yeye anaweza kupima maji, chakula na samaki mwenyewe hapa hapa Musoma, na majibu yakatoka siku hiyo hiyo. Hakuna neno hata moja lililonipita.

Mwayo haukuja. Nikautafuta, haukuja. Basi nikamuuliza swali langu kubwa, lile lililowaangusha wengi. "Watu wenye elimu wako wengi. Kwa nini mwenye pesa akuajiri wewe?"

Nyangeta akamtazama Dokta, Dokta akatazama ng'ombe wake.

"Kwa sababu mwenye pesa ninayezungumza naye ana vizimba upande wa Suguti," binti akasema, "na samaki wake wamekufa mara mbili mwaka huu. Mara ya kwanza alisema ni wivu wa watu. Mara ya pili aliwaamuru vijana wake wawafukie mapema, kabla watu hawajafika mwaloni kununua samaki. Nimekunywa chai na mlinzi wake, na mpishi wa vijana, na yule anayelisha. Wamenichimbulia nikaona. Siyo wivu. Ni chakula kilichoingia ukungu, kimehifadhiwa stoo moja na simenti, na vizimba vimebanana mahali maji hayatembei. Asipobadilisha, watakufa mara ya tatu."

Nilisema mwanzo kwamba vizimba vyangu vinakwenda vizuri kabisa. Vinakwenda vizuri sasa.

Mke wangu akaziba mdomo na khanga, mabega yanamtikisika. "Kumbe!" akasema. "Na mimi naambiwaga sato wameuzwa Mwanza!"

Nikajikaza. "Na mshahara?" nikamuuliza binti, nikidhani hapo nitampata. Akautaja ananitazama usoni. Akataja darubini, friji ya sampuli, vipimo vya maji, umeme wa jua, chumba cha nyuma cha duka langu la Musoma chenye vigae vipya na choo chake, na mshahara wa miezi sita mpaka wateja wa nje waanze kulipa. Akasema ile barua pepe ya Ulaya ameiandikia majibu mawili, la ndiyo na la hapana, na jioni hii atatuma moja.

Nilimwona mama yake ameacha kucheka.

Nami nimezoea kuhoji. Mdomo una mazoea yake. Kabla kichwa hakijafika, ulishasema, "Huyu mimi ningemwajiri leo leo."

Dokta akasogea taratibu, fimbo inagusa chini, akaja akasimama mbele yangu. Magesa akaanza kucheka kama tulivyozoea, akaona yuko peke yake, akanyamaza. Wazee walinitazama vile wanavyotazama mtu aliyeingia zizini mwa wakwe. Kwetu mtu akishatamka mbele ya wazee, amekwisha.

"Utalipa?" Dokta akauliza.

Siyo kwa kelele. Aliuliza kama mtu aliyelibeba swali hilo miaka mingi, kwa vijana wote wale, akisubiri siku itakayokuwa na jibu.

Nikasema nitalipa. Nyangeta akatoa simu kwenye mfuko wa suti, akabonyeza, akairudisha. Mke wangu akapiga kigelegele dume likaruka.

Dokta alinisindikiza mpaka kwenye gari, polepole, akipumzika njiani. Nikamwambia, "Mzee, umenitega."

"Nimekuandaa," akasema. "Umehudhuria vizuri kuliko wote."

"Na ule mkataba wa Ulaya, ungekuwa wewe?"

Akafunga kifungo cha juu cha sweta. "Mimi hakuna aliyenihoji akiwa na haja na jibu," akasema. Halafu akaanza habari za dume jekundu, nami sikuwasha gari mpaka amemaliza.

Baada ya hapo hakuja tena Bunda, miguu ilimkatalia. Bati la chaki bado liko nyuma ya stoo, sikuliuza. Watu huniambia nilibahatika, nimekaa na msomi mkubwa miaka yote ile, nimejifunza kuhoji, nimejifunza sayansi, na yule mzee hakunitoza kitu. Nawaacha waseme. Mimi niliacha shule darasa la nne kwa kukosa ada, na ada yangu yote niliilipa uzeeni kwa mkupuo mmoja, na vigae vya choo vikiwemo: shilingi milioni arobaini na moja, laki sita, elfu themanini na tano.